Bunduki ya upepo inayotawanya: kutafuta kasoro za mtutu na kuzitengeneza

Bunduki ya upepo ikianza kutawanya peleti, mtutu hulaumiwa mapema mno. Mwenye bunduki huusugua ndani, huusaga mdomo, wengine hufikia kuukata, halafu inakuja kugundulika kwamba skrubu za mbele ya mbao, yaani kitako cha mti kinachobeba chuma, zilikuwa zimelegea tu. Kasoro za mtutu zipo, na nyingi hutengenezeka kwa vifaa vya bei ndogo. Ila zina utaratibu wake: unaanza na lile ambalo ukikosea unaweza kulirudisha, unamalizia na lisilorudi. Skrubu hulegezwa ikakazwa tena. Chuma kilichosagwa kimekwenda.

Ninachoeleza hapa kinahusu zaidi bunduki ya springi inayokunjwa mtutu, yaani jamii ya Diana 34 na Weihrauch HW35 au HW80 za Ujerumani, pamoja na zile nyingi za Kichina zenye umbo hilo, kwa peleti za milimita 4.5 au 5.5. Za mtungi, zinazosukuma peleti kwa hewa iliyobanwa tayari badala ya springi, nitazitaja pale zinapotofautiana. Mtutu wa kawaida wa bunduki hizi una mifereji 12 ya msokoto ndani yake, inayoizungusha peleti mara moja katika kila sentimita 40 hadi 45. Peleti ya milimita 4.5 ina uzito wa karibu nusu gramu, imetengenezwa kwa madini laini ya risasi, na sketi yake, yaani ukingo wa nyuma ulio wazi, ni nyembamba. Kwa ulaini huo, kijino cha chuma kisichoonekana kwa macho kinatosha kuipotosha.

Usalama kwanza. Hakikisha hakuna peleti ndani na bunduki haijakokiwa. Ya mtungi, itoe hewa yote. Usiweke kidole kati ya mtutu na mwili wa bunduki iliyokokiwa bila mkono wa pili kuushikilia mtutu, kwa sababu springi ikiachia, mtutu hurudi kwa nguvu ya kuvunja vidole. Vaa miwani unapopiga na unaposaga. Tena ujue sheria ya mahali ulipo: katika nchi nyingi bunduki ya upepo huhitaji kibali kama bunduki nyingine, na kubadilisha mtutu huweza kuwa kazi ya fundi mwenye leseni peke yake. Uliza kabla, si baada.

Thibitisha kwamba ni mtutu

Kaza kwanza skrubu zote za mbao, hasa zile za pembeni mbele na ile ya kwenye kinga ya kifyatulio. Kaza vishikizo vya darubini, kisha chora alama ndogo ya kalamu inayovuka kutoka kishikizo hadi mwili wa bunduki. Baada ya kupiga peleti hamsini hivi, itazame: alama ikiwa imeachana, darubini inatembea.

Darubini yenyewe nayo ni mshukiwa mkubwa. Bunduki nyingi za kukunja, Diana zikiwa maarufu kwa hilo, hutoka kiwandani mtutu ukiwa umeinamia chini kidogo. Mwenye bunduki hulipia kwa kuzungusha kitufe cha juu cha darubini hadi karibu mwisho, na hapo springi ndogo ya ndani ya darubini hulegea, msalaba wa kulengea ukawa unachezacheza kwa kila mshtuko. Dalili zake hufanana kabisa na za mtutu mbovu. Dawa yake ni vishikizo vyenye mwinamo, vinavyoinua nyuma ya darubini, ili kitufe kirudi katikati. Kama bunduki ina vilengeo vya chuma, ondoa darubini upige bila hiyo. Kundi la matundu kwenye karatasi likijikusanya, umeokoa mtutu.

Kisha peleti. Chukua aina tatu au nne tofauti kwa uzito na kwa kipenyo cha kichwa, za 4.5 huuzwa zikiwa na vichwa vya kuanzia karibu milimita 4.49 hadi 4.53, na tofauti hiyo ndogo mtutu unaijua. Zimwage kwenye kitambaa, utupe zenye sketi iliyobonyea. Mtutu mmoja unaweza kuichukia peleti ghali na kuipenda ya bei nafuu, wala hakuna wa kukwambia mapema.

Mwisho ni mkono wako. Katika bunduki ya springi, pistoni inayosukumwa na springi ili kubana hewa ikienda mbele bunduki hurudi nyuma, na pistoni ikigota bunduki husukumwa mbele, na sehemu kubwa ya vurugu hiyo hutokea peleti ikiwa bado ndani. Kwa hiyo usiilaze kwenye meza ngumu wala usiikabe. Ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, kiganja juu ya mfuko wa mchanga, uiache iruke itakavyo, lakini iruke vilevile kila mara.

Sasa piga makundi ya peleti kumi kumi, si tatu tatu. Kundi la peleti tatu hudanganya pande zote mbili. Anza mita 10, kisha 25, asubuhi kabla upepo haujaamka au ndani ya jengo refu. Bunduki nzuri ya springi ikiweka kumi ndani ya duara la milimita 25 hadi 30 kwa mita 25, haina ugonjwa. Usijilinganishe na zile za mashindano ya mita 10, ambazo zimo kwenye Olimpiki tangu 1984 na ambazo alama ya kumi kwenye shabaha yake ni kitone cha nusu milimita.

Karatasi inasema nini

Hifadhi karatasi zako, andika tarehe na aina ya peleti. Umbo la kundi ndilo linalokupeleka kwenye chanzo.

- Kundi lililorefuka juu na chini: mwendo wa peleti haulingani. Tazama oringi (pete ya mpira inayoziba hewa) ya mlango wa mtutu, yaani nyuma unakoingizwa peleti, springi, au mafuta yanayoungua ndani.
- Makundi mawili madogo yaliyoachana: kitu kina sehemu mbili za kukaa. Mara nyingi ni egemeo la mtutu, yaani kiungo unapokunjikia, au komeo lake, na kwa bunduki ya mtungi ni bendi inayoshika mtutu.
- Nane pamoja, mbili zimepotea bila mpangilio: ukingo wa mdomo, au peleti inayokwaruzwa inapoingia.
- Matundu ya umbo la yai au yaliyochanika: peleti inafika ikiyumba au ikiwa ubavu. Inagusa kizuia sauti au kizito cha mdomoni, ama kipenyo chake ni kidogo kuliko mtutu.
- Kundi zuri linalopanuka polepole kopo la peleti likielekea kwisha: mtutu umejaa masalia ya risasi.
- Kundi dogo, ila lipo mahali pengine kabisa: hiyo si kasoro ya usahihi. Rekebisha vilengeo, na kama limehama ghafla soma sehemu ya mtutu uliopinda.

Kama kuna kizuia sauti, kiondoe upige tena kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta mchirizi wa kijivu upande mmoja wa tundu lake, umepata mkosaji: nyuzi za skrubu zimekatwa kombo, au kizuizi cha ndani kimelegea.

Kusafisha

Hatua hii peke yake hurudisha uhai wa mitutu mingi, hasa iliyokaa muda mrefu kabatini na ile mipya iliyotoka kiwandani na grisi yake. Fimbo ya chuma sitaki kuiona karibu na mtutu wa peleti. Tumia uzi wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, wa milimita 2. Ukunje katikati upate kitanzi, hapana haja ya kifaa cha dukani. Muhimu ni mwelekeo wa kitambaa: kiingie kwa nyuma na kitokee mdomoni, maana ukingo wa mdomo ndio usiotakiwa kusuguliwa ovyo. Kwa hiyo uzi huingizwa kwa mlangoni ukiwa umefunga kitambaa kwenye kitanzi cha mwisho, ncha zitokee mdomoni, kisha vuta kwa mkupuo mmoja. Mtutu ufungue kidogo tu, kiasi cha mlango kuonekana, bila kuukoki, na mtu wa pili ashike bunduki.

Kitambaa cha kwanza kipake mafuta mepesi ya bunduki, matone mawili yanatosha, uache dakika kumi. Vinavyofuata viwe vikavu, mpaka kimoja kitoke bila weusi wala vipande vya kijivu vinavyong'aa. Hivyo vipande ndivyo risasi. Vikigoma, pitisha mara chache brashi laini ya shaba nyeusi, lakini si kwa mtutu wa shaba ya njano.

Petroli na mafuta ya taa yaache. Masalia yake hupenya tundu la hewa mpaka kwenye silinda, na pistoni ikibana hewa yanawaka: mlio mkubwa, moshi, mwendo usiolingana, na mwishowe sili iliyoungua. Kwenye bunduki ya mtungi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mafuta ya petroli na hewa ya shinikizo kubwa huweza kulipuka. Huko mafuta ni ya silikoni tu.

Mtutu uliosafishwa hautulii papo hapo. Piga peleti ishirini au thelathini za kuupaka upya kabla ya kuuhukumu.

Ukingo wa mdomo

Hapa ndipo peleti inapoagana na bunduki. Ukingo ukiwa na pengo upande mmoja, hewa ya nyuma yake hutoka upande huo sehemu ndogo mno ya sekunde kabla ya upande wa pili, sketi inapata kofi, na peleti inaondoka ikiyumba. Bunduki iliyoangushwa mdomo chini, iliyoegemezwa ukutani juu ya saruji au iliyosafishwa kwa fimbo kutoka mbele karibu kila mara ina jeraha hapa.

Chunguza kwa kioo cha kukuza na tochi kali. Kisha chukua kijiti cha pamba cha masikio, ukizungushe taratibu kutoka ndani kuja nje. Nyuzi za pamba zikinasa, hapo pana kijino. Tazama pia uchafu wa kijivu uliozunguka tundu: kwenye mdomo mzuri huchora nyota yenye miale inayolingana, na kwenye mdomo mbovu miale ya upande mmoja huwa mirefu au haipo.

Kurekebisha kijino kidogo hakuhitaji mashine. Tafuta skrubu ya shaba ya njano yenye kichwa cha mviringo, kipana karibu mara mbili ya tundu la mtutu, na pesti laini ya kusagia ya namba 400 hadi 600. Fuata hivi:

1. Simamisha mtutu kwenye jiliwa lenye mbao pande zote mbili, mdomo juu.
2. Ziba tundu kwa pamba iliyopakwa grisi, sentimita 2 au 3 chini ya ukingo, ili pesti isiteremke.
3. Funga skrubu kwenye drili ya mkono au ya umeme yenye mwendo wa chini kabisa. Paka pesti kichwani.
4. Kigusishe kichwa kwenye ukingo bila kukandamiza, kizunguke, na wakati huohuo yumbisha mkia wa drili kwa mduara mpana. Kuyumbisha huku ndiko siri ya kazi nzima: bila hivyo makosa ya skrubu yanahamia kwenye mtutu.
5. Kila baada ya sekunde kumi simama, futa, tazama. Unatafuta pete nyembamba inayong'aa, upana ule ule kuzunguka tundu lote. Ikikamilika, acha. Kuongeza "kidogo tena" hakuna faida.
6. Toa pamba kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mdomoni, kamwe isivutwe ndani, kisha pitisha vitambaa mpaka hakuna hata chembe ya pesti.

Pete ikibaki nene upande mmoja hata ukiendelea, basi mdomo wenyewe umekatwa kombo na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza. Mwambie jambo moja kabla hajagusa: mitutu mingi mizuri ina kibano, yaani sentimita chache za mwisho zimebanwa kidogo kwa makusudi ili peleti zote zitoke na kipenyo kimoja. Akikata sentimita tano, amekata kibano na wewe umenunua mtutu wa daraja la chini. Milimita moja au mbili inatosha kwa kasoro nyingi.

Kusukuma peleti na kusikiliza mkono

Kipimo hiki hakina gharama na hueleza zaidi ya vyote. Ni rahisi mtutu ukiwa umetolewa kwenye bunduki. Kama hujawahi kuutoa, mwachie fundi. Ingiza peleti laini kwa nyuma, isukume pole pole kwa kijiti cha mbao au cha nailoni kilichonyooka. Mwanzoni utasikia ugumu, mifereji ikijichora kwenye risasi. Kisha mwendo uwe mmoja mpaka karibu na mdomo, ambapo kwenye mtutu wa kibano ugumu hurudi. Rudia mara kadhaa, utie alama kwenye kijiti kila unaposikia badiliko.

Mahali pagumu katikati mara nyingi panasababishwa kwa nje: skrubu ya kilengeo cha mbele iliyokazwa kupita kiasi, au skrubu ndogo zinazoushika mtutu kwenye mwili wake. Zilegeze upime tena. Kama ugumu ni wa ukwaru tu, tumia pesti laini sana ya kung'arishia, kwenye kitambaa kinachobana, safari ishirini za urefu mzima, bila kukitoa kabisa mdomoni, na penye kibano ishia kabla yake. Pesti ya kusagia valvu za injini ni kali mno kwa kazi hii, itakula mifereji.

Mahali palipolegea ni habari mbaya zaidi. Chuma hakiongezwi. Peleti ikilegea katikati kisha ikabanwa tena mbele, huenda mtutu bado ukakusanya vizuri, kwa hiyo karatasi ndiyo iamue. Ikilegea sentimita moja ya mwisho tu, fundi anaweza kuikata hiyo sentimita. Ikilegea kuanzia nusu hadi mdomoni, usipoteze fedha kwenye vitambaa na pesti.

Ipokee peleti mdomoni kwa pamba, uitazame kwa kioo. Michoro ilingane kuizunguka. Mkwaruzo mmoja mrefu usiofuata msokoto maana yake kuna kijino kwenye mlango.

Mlango, oringi na egemeo

Ili kukipata kijino hicho, bana peleti mlangoni kwa kidole kama unavyofanya siku zote, kisha irudishe nyuma kwa kijiti kutoka mdomoni. Ikitoka na kipande kilichonyolewa, vunja ukali wa ukingo kwa ile skrubu ya shaba, mizunguko michache ya mkono, bila drili. Katika bunduki za mtungi, tundu la hewa lililotobolewa ubavuni mwa mtutu huacha kingo kali zinazoichana peleti inapopita. Huko tumia kijiti cha mbao chenye msasa wa 1000 uliozungushwa, nawe usiende haraka.

Oringi ipime kwa ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni uliolazwa juu ya kiungo cha mtutu na silinda. Piga. Karatasi ikirushwa, hewa inavuja. Oringi ya ukubwa uleule hupatikana kwa wauza vipuri vya pampu. Kama mpya bado haifiki, weka chini yake washa (pete bapa) nyembamba iliyokatwa kwenye plastiki ya chupa. Ijitokeze kidogo tu, kwani ikizidi mtutu hautajifunga sawasawa. Ukiwa na kifaa cha kupimia mwendo wa peleti, kitumie kabla na baada. Bunduki nzuri ya springi haipishani zaidi ya mita 4 au 5 kwa sekunde kati ya peleti na peleti. Walio Uingereza (England na Wales) wana sababu ya ziada ya kupima: kuziba uvujaji huongeza nguvu, na mpaka wa bunduki ya upepo isiyo na cheti huko ni futi-pauni 12, karibu joule 16. Ujerumani mpaka ni joule 7.5.

Egemeo lipime bunduki ikiwa tupu na haijakokiwa: shika mbao kwa mkono mmoja, mdomo wa mtutu kwa mwingine, utikise kushoto na kulia. Mlio wowote, hata mdogo, ni ugonjwa. Penye boliti, kaza mpaka mtetemo uishe na mtutu bado ukunjike bila kung'ang'ania, kisha kaza skrubu inayoizuia. Bunduki za bei nafuu zenye pini badala ya boliti huhitaji washa nyembamba pembeni. Safisha pia kabari ya komeo na uipake grisi kiasi cha ncha ya kucha.

Bunduki ya mtungi haina egemeo, lakini ina bendi inayounganisha mtutu na mtungi. Mtungi hubadilika kidogo shinikizo linaposhuka na kuuvuta mtutu, nawe ukaona shabaha inahama kadiri hewa inavyopungua. Ipanue bendi mpaka kipande cha karatasi kipite kati yake na mtutu.

Mtutu uliopinda

Hutokea kifyatulio kikivutwa mtutu ukiwa wazi. Mtutu huruka juu, hugonga, hupinda kuelekea juu, na mara nyingi mbao hupasuka nyuma ya egemeo. Chungulia kutoka mlangoni ukielekea mwanga: vivuli vya duara vinatakiwa viwe na kitovu kimoja. Vikikaa upande, umepinda. Mpindo mrefu na mpole hauharibu kundi, unahamisha tu mahali linapoanguka, hivyo mitutu mingi iliyopinda hunyooshwa kwa kuulaza juu ya magogo mawili ya mbao na kuukandamiza katikati kidogo kidogo kwa jiliwa, ukipiga karatasi kila baada ya hatua. Mpindo mkali kama kiwiko karibu na egemeo ni wa kutupa. Kagua na pini ya egemeo pia, maana huenda nayo imepinda.

Mashimo ya kutu yakiwa nyuma karibu na mlango, jaribu kwanza. Pengine mtutu utakusanya kuliko unavyodhani. Yakiwa kwenye sentimita tano za mwisho, tafuta mtutu mpya. Kabla ya kuagiza pima kipenyo cha nje sehemu tatu, urefu kutoka katikati ya tundu la egemeo, na kama mtutu umesukumwa kwa nguvu ndani ya kiungo chake au umefungwa kwa pini, kwa sababu uliosukumwa hautoki bila presi. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, chuma ulichokisaga mdomoni hakina tena rangi ya kukikinga na hewa ya chumvi: kipake mafuta siku hiyohiyo, na bunduki isilale ndani ya mfuko wa kitambaa.